Skrini Isiwe Udhuru wa Kuacha Safari

Mwaka 1917, katika mji wa Lima nchini Peru, mtoto mmoja wa Kiingereza aliyezaliwa Ecuador alipelekwa kwenye jumba la michezo kumtazama mwanamke wa Kirusi aitwaye Anna Pavlova, ambaye kundi lake la baleti lilikuwa likizunguka Amerika ya Kusini mji kwa mji wakati Ulaya inawaka moto wa vita. Mtoto huyo, Frederick Ashton, alisimulia hata uzeeni mwake kwamba tangu usiku ule sumu ya ngoma ilimwingia mwilini na hakutamani tena kazi nyingine duniani. Na kwa kuwa baadaye ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya michezo ambayo Waingereza leo huihesabu kuwa ndiyo baleti yao hasa, yatulazimu tukiri kwamba sanaa inayojivuniwa na taifa zima ilipata mbegu yake katika onyesho la usiku mmoja, lililofanywa na wasafiri waliokuwa kesho yake wanafunga mizigo.

Nimeitanguliza habari hiyo kwa sababu siku hizi imeenea hoja, na wenye kuitoa si watu wajinga, kwamba zama za kusafirisha wachezaji kwa makumi, pamoja na mapazia, maleba, taa na wapigaji muziki, zimekwisha kupita. Kwani Royal Ballet ikicheza London usiku wa leo, picha yake na sauti yake huweza kupokewa saa ileile katika majumba ya sinema ya nchi nyingi, kwa bei ambayo karani au mwalimu wa shule anaimudu, na mtazamaji wa mji mdogo akauona uso wa mchezaji kwa uwazi ambao aliyeketi roshani ya juu ya Covent Garden haupati aushi yake. Mimi sina ugomvi na skrini. Ugomvi wangu ni na wakurugenzi na watoa fedha ambao, baada ya kuona kwamba picha husafiri kwa gharama ndogo kuliko watu, wameanza kuihesabu picha kuwa ndiyo safari yenyewe.

Pavlova alizaliwa St Petersburg mwaka 1881, akafunzwa katika chuo cha Dola, akapanda daraja hadi kileleni katika jumba la Mariinsky, na angaliweza kukaa hapo akapewa heshima na pensheni mpaka mwisho wa siku zake. Badala yake alichagua maisha ya mabehewa na merikebu: Amerika zote mbili, Japani mwaka 1922 na kisha India, Misri, Afrika Kusini, Australia mwaka 1926, na mauti yakamkuta hotelini mjini The Hague, Januari 1931, akiwa anaanza msafara mwingine. Wajuzi wa Paris na London, waliokwisha kuzoeshwa fahari ya Diaghilev, pamoja na mapazia yaliyochorwa na Picasso na muziki wa Stravinsky, walimtazama kwa dharau kidogo: walisema muziki wake ni mwepesi, maleba yake ni ya kizamani, na mchezo wake mashuhuri wa Batamaji Anayekufa, aliotungiwa na Michel Fokine, haudumu ila dakika chache. Huenda walisema kweli. Lakini kundi la Diaghilev, pamoja na adhama yake yote, lilicheza zaidi mbele ya watu waliokwisha kuwa na mazoea ya kwenda kwenye majumba ya opera, ilhali Pavlova alikwenda kwa watu wasiojua baleti ni kitu gani, na huko Australia kijana aitwaye Robert Helpmann akajiunga na kundi lake katika msafara ule wa 1926, kijana ambaye miaka michache baadaye alikuwa London akimshika mkono Margot Fonteyn jukwaani.

Atasema mtu, na atakuwa na haki ya kusema, kwamba siku hizi picha hufanya kazi ileile, tena kwa watoto wengi zaidi. Yuko Michaela DePrince, mzaliwa wa Sierra Leone, aliyefiwa na wazazi wake wakati wa vita, ambaye akiwa katika nyumba ya mayatima aliliokota gazeti lililopeperushwa na upepo likakwama kwenye uzio, na juu ya jalada lake palikuwa na picha ya mchezaji wa baleti. Akaichana picha ile akaificha, akachukuliwa Marekani na wazazi waliomlea, akawa mchezaji wa baleti ya taifa ya Uholanzi, kisha akafariki mwaka 2024 akiwa na miaka 29 tu. Ikiwa karatasi moja isiyojongea iliweza kufanya hivyo, seuze filamu yenye mwendo, rangi na muziki? Naikubali hoja hii bila kinyongo. Picha huamsha hamu, na hapa kwetu tunalo shahidi, kwani sahani za santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay tangu mwaka 1928 hazikuwafanya watu wa Unguja waache kwenda kumsikiliza, ziliwazidishia shauku. Ila shauku ni mwanzo tu wa ushabiki. Jicho lenye kujua linapatikana kwa njia nyingine, nayo ni ya taratibu na ya kuchosha.

Mshabiki wa baleti, tofauti na mtu wa kwenda mara moja kwa mwaka na familia yake wakati wa Krismasi, ni mtu anayerudi. Hadithi ya Giselle, msichana wa kijiji anayekufa kwa kuvunjwa moyo na kisha akamsamehe aliyemvunja, anaijua kwa moyo. Imechezwa tangu mwaka 1841 na mwisho wake haubadiliki. Anarudi kwa sababu usiku wa leo Giselle ni mwingine, na jana yule wa kwanza alipozama katika wazimu alizitupa nywele zake kabla muziki haujafika pale ulipotakiwa, naye ana hamu ya kujua kama huyu wa leo atasubiri. Katika Ziwa la Batamaji mshabiki huyo anajua kwamba mwanamke aliyevaa nguo nyeusi atageuka juu ya mguu mmoja mara 32, desturi iliyoletwa na Pierina Legnani wa Italia. Na anajua pia kwamba Maya Plisetskaya wa Moscow aliiacha desturi hiyo akalizunguka jukwaa lote kwa mizunguko ya namna nyingine, na juu ya jambo hilo tu mashabiki wawili wanaweza kubishana njia nzima mpaka kituo cha gari moshi. Mapenzi haya yana wazimu wake. Inasimuliwa kwamba Marie Taglioni alipoiaga Urusi mwaka 1842, mashabiki wa St Petersburg waliinunua jozi moja ya viatu vyake, wakaipika, wakaila kwa mchuzi. Sina ushahidi wa ladha yake.

Sasa, mtu anayependa kwa kurudia skrini humpa nini? Humpa usiku mmoja, wachezaji walewale, kosa lilelile mahali palepale, milele. Anayeitazama filamu hiyo mara kumi anaijua filamu. Baleti bado hajaijua.

Hapa pana jambo ambalo napenda nikae nalo kidogo, kwa sababu lina pande mbili na kila upande una haki yake. Oktoba 1956 kundi la Bolshoi lilifika London kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ambayo watu wa magharibi walikuwa wakiisikia sifa yake tu, na watu wakapanga foleni usiku na mchana nje ya Covent Garden wapate tikiti. Waliyemngojea ni Galina Ulanova, aliyekuwa na umri wa miaka 46, na aliyekuja kucheza nafasi ya Juliet, binti ambaye kwa hadithi ya Shakespeare hajatimiza miaka 14. Walioketi ukumbini walieleza, na waliandika, kwamba mama mtu mzima waliyemwona akiingia alitoweka mbele ya macho yao, na mahali pake wakamwona mtoto anayekimbia kuelekea mauti. Ufundi huo haukuwa uchawi. Ulikuwa katika namna ya kuweka shingo, katika mbio ambazo miguu haikusikika, katika mikono iliyokuwa ikisita kama mikono ya asiyejua bado la kuifanyia. Na ufundi wa namna hiyo umepimwa kwa umbali, kwani uliundwa na mtu aliyejua kwamba wa kumtazama yuko mbali, gizani, pamoja na watu wengine elfu na zaidi walionyamaza kwa wakati mmoja. Katika msafara uleule Paul Czinner alileta kamera zake akampiga filamu Ulanova katika Giselle, na filamu hiyo ikatoka mwaka 1957. Mtu akiitazama leo humwona mwanamke wa makamo, mwenye mistari usoni, aliyevaa nguo za kijana. Kamera imesema kweli, na kwa kusema kweli imeficha kile hasa ambacho watu walilala njiani ili wakione. Hata hivyo, Ulanova ameshakufa, na waliolala njiani wengi wao wamekufa, na lau si filamu za namna ile zenye kumdhulumu tusingekuwa na chochote cha kumtazama. Mimi huitazama, na ninapoitazama huipunguza nguvu ya jicho la kamera kwa kukaa mbali na kioo.

Dhuluma nyingine ya kamera ni ndogo kwa kuitaja, lakini mshabiki huiona kila dakika. Katika La Bayadère, iliyotungwa na Marius Petipa mwaka 1877, iko sehemu ya Ufalme wa Vivuli ambamo wanawake waliovaa nyeupe hushuka mteremko mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akirudia mwendo uleule wa mguu na mkono, mpaka jukwaa likajaa. Na uzuri wa jambo hilo ni kuona mstari ukirefuka, kuhesabu bila kutaka, kuogopa kwamba wa nane atayumba. Mwelekezi wa matangazo, akihofu kwamba watu wa sinema watachoka, humkata mmoja akamleta karibu tumwone kope zake, na kwa sekunde zile mstari umekwisha kutoweka. Fred Astaire, aliyekuwa mchezaji wa Hollywood na wala hakudai kuwa mwanachuoni, aliling'amua hilo mapema, akashikilia kwamba anapocheza mwili wake wote uonekane tangu kichwa hadi kiatu, wala kamera isikatekate. Sijui kwa nini majumba makubwa ya Ulaya, yenye mafundi wengi kuliko aliokuwa nao Astaire, bado hayajalifuata shauri hilo rahisi.

Na skrini ina udhaifu mmoja zaidi, kwamba yuko mtu anayeishika swichi. Tarehe 19 Agosti 1991, vifaru vilipoingia Moscow na waliojaribu kumpindua Gorbachev wakashika televisheni, wananchi waliofungua vioo vyao kutafuta habari walioneshwa Ziwa la Batamaji. Na mpaka leo kwa Warusi wengi wale batamaji wadogo wanne walioshikana mikono ni ishara kwamba serikalini kuna jambo. Miaka mingi baadaye Bolshoi hilohilo, ambalo tangu mwaka 2010 lilikuwa likirushwa moja kwa moja katika majumba ya sinema ya nchi nyingi, likakatwa mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na msimu wake wa London uliotazamiwa kiangazi kile ukafutwa pia. Siingii katika siasa ya uamuzi huo. Nasema tu kwamba miji iliyokuwa imejengewa ushabiki wake wote juu ya matangazo ya nyumba moja iliamka ikiwa mikono mitupu, kwa kuwa haikuwa na kundi lake wala desturi ya kupokea mengine.

Watu wa kundi la Ninette de Valois, lililokuja kuitwa baadaye Royal Ballet, walikuwa na sababu nzuri kuliko mkurugenzi yeyote wa leo ya kuacha kusafiri. Mei 1940 walikuwa ziarani Uholanzi majeshi ya Ujerumani yalipoingia, wakakimbia usiku, wakavuka bahari katika merikebu ya mizigo, wakiacha nyuma mandhari, maleba na hata karatasi za muziki wa michezo sita. Walipofika kwao hawakukaa. Wakazunguka Uingereza miaka yote ya vita, mara nyingine wakichezea muziki wa piano mbili kwa kukosa okestra, wakaingia katika miji ya viwanda na kambi za askari ambako baleti ilikuwa haijawahi kukanyaga. Na Covent Garden, lililokuwa limegeuzwa ukumbi wa dansi wakati wa vita, lilipofunguliwa tena tarehe 20 Februari 1946 kwa mchezo wa Mrembo Aliyelala, Fonteyn akiwa Aurora, walikuwapo watu wa kuujaza ukumbi ule mkubwa usiku baada ya usiku, kwa sababu hadhira yenyewe ilikwisha kulelewa njiani. Mwaka 1949 wakaupeleka mchezo huohuo New York, na usiku mmoja wa Oktoba ukawafanya kuwa kundi la dunia. Tawi lao la kusafiri likapewa makao Birmingham mwaka 1990, na hadi leo linazunguka. Lakini kundi mama lenyewe mtu wa kaskazini ya Uingereza huliona zaidi sinemani kuliko katika jumba la mji wake, na hilo kwangu ni hasara ambayo hesabu ya tikiti za sinema haiwezi kuifidia.

Gharama ni kubwa, sikatai. Baleti haisafiri kama mwimbaji na gitaa lake. Ina sakafu yake maalumu inayokunjwa na kutandazwa, kwani sakafu ngumu huvunja miguu. Ina viatu vya kuchezea kwa ncha za vidole, ambavyo jozi moja yaweza kuisha katika onyesho moja. Ina wachezaji ambao lazima wafanye zoezi kila asubuhi hata kama wamelala basini. Ina mafundi wa taa, washonaji, mwalimu wa mazoezi, daktari wa misuli. Dance Theatre of Harlem, kundi lililoundwa mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, mwaka mmoja baada ya kuuawa Martin Luther King, liliwahi kulazimika kusimamisha maonyesho yake mwaka 2004 kwa sababu ya madeni, na halikurudi jukwaani mpaka 2012. Lakini lilipokwenda Umoja wa Kisovieti mwaka 1988 na Afrika Kusini mwaka 1992, lilibeba jambo ambalo filamu ingelieleza tu bila kulithibitisha: wachezaji weusi waliovaa soksi na viatu vilivyotiwa rangi ya ngozi zao wenyewe badala ya ile rangi ya waridi iliyodhaniwa kuwa ni ya kila mwanadamu, wakisimama sakafu moja na watoto wa Johannesburg wakiwafundisha jinsi ya kuweka kisigino. Mtoto aliyesahihishwa mguu wake kwa mkono wa mchezaji hawi tena mtazamaji wa kawaida.

Kwa upande wetu jambo hili si la mbali kama lidhaniwavyo. Ndugu zetu waliopo Muscat wanalo jumba la opera lililofunguliwa Oktoba 2011 kwa amri ya Sultan Qaboos, na hupokea makundi ya baleti ya nje kila msimu. Nairobi hakuna jumba la namna hiyo, lakini lipo lililo bora kwa jambo moja, kwamba wanaocheza ni watoto wa hapohapo: Dance Centre Kenya huuweka jukwaani mchezo wa Nutcracker katika Kenya National Theatre, na katika mji huohuo alitoka Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda, aliyefika mpaka chuo cha English National Ballet huko London. Waheshimiwa mabalozi, ambao kila mwaka hutuletea wiki za filamu za nchi zao, wangetufaa zaidi wakileta wachezaji wanne na mwalimu mmoja kwa siku chache, hata bila mapazia. Na wenye majumba ya michezo wangefanya kama Wavienna, ambao jumba lao la opera, pamoja na fahari yake yote, bado linauza nafasi za kusimama kwa bei ya mtu wa kawaida. Wenye sinema wakituletea Ziwa la Batamaji kutoka London, twende pia, tena kwa wingi. Ila mzazi wa Nairobi mwenye fedha za tikiti ya sehemu moja tu, ampeleke mwanawe kwanza Kenya National Theatre, waketi juu kabisa, na sinema ingoje mwezi ujao.